Jina Bakhita: Asili Yake, Maana Yake, na Kuenea Kwake

Katika madaftari ya ubatizo ya Afrika ya Mashariki, jina Bakhita lilikuwa nadra sana kwa muda mrefu. Mtu aliweza kufundisha katika shule za misioni miaka mingi asimkute msichana hata mmoja mwenye jina hilo. Tangu mwaka 2000, Kanisa Katoliki lilipomtangaza Yosefina Bakhita wa Sudan kuwa mtakatifu, limeanza kusikika penye kisima cha ubatizo, ingawa hata leo halijawa jina la kila nyumba kama Maria, Ana au Neema. Kwa sababu hiyo walimu na mapadre huulizwa maswali juu yake. Ni jina la lugha gani? Maana yake nini? Na swali gumu kuliko hayo: je, ni vema mtoto wa watu huru aitwe kwa jina ambalo wezi wa watu walimpa mtoto waliyemteka?

Swali hili la mwisho si la mchezo. Wako kwetu watu ambao mababu zao waliitwa majina wasiyopewa na wazazi wao, na kumbukumbu hiyo huuma. Mzazi asemaye, "Mwanangu hataitwa jina la mtumwa," ana haki ya kujibiwa kwa hoja, wala si kunyamazishwa. Basi katika kurasa hizi twataka kulifuata jina hili tangu chanzo chake mpaka lilipofika kwetu, ili kila mwalimu apate la kujibu.

I. Neno lenyewe

Asili ya jina ni neno la Kiajemi bakht, maana yake ni yale yampatayo mtu maishani, na hasa yaliyo mema. Waarabu waliliazima neno hilo tangu zamani wakalitia katika mizani ya lugha yao. Kwa kawaida ya Kiarabu, shina la konsonanti tatu huweza kuvikwa umbo la sifa: mwanamume ni said, mwanamke ni saida; mwanamume ni karim, mwanamke ni karima. Hivyo kutoka katika bakht walipata bakhit, yaani mwanamume mwenye bahati, na bakhita, yaani mwanamke mwenye bahati. Msomaji aliyezoea majina ya pwani, kama Saidi na Saida, Jamila, Aziza na Halima, ataona mara moja ya kuwa Bakhita ni ndugu yao kwa umbo. Mkazo nao hauna taabu: irabu ndefu ya Kiarabu yaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, pale pale ambapo Mswahili huweka mkazo wake.

Kiswahili nacho kililipokea neno bakht, lakini kililigeuza kwa kanuni zake mbili. Kwanza, ile sauti kh ya kooni ililegezwa ikawa h, kama ilivyokuwa kwa khabar iliyokuwa habari, khatar iliyokuwa hatari, na bakhil aliyekuwa bahili. Pili, Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zishikane mwishoni mwa neno, ndipo kikatia irabu katikati na mwisho. Waqt lilikuwa wakati. Rizq lilikuwa riziki. Bakht nalo likawa bahati. Kwa hiyo Bahati na Bakhita ni neno moja lililopita njia mbili. Bahati limekuwamo katika Kiswahili tangu zamani, kwa maongezi ya pwani na Waarabu na Waajemi. Bakhita limetujia kwa mzunguko mrefu, kutoka Sudan kupitia Italia, nalo limehifadhi sura yake ya Kiarabu kwa sababu lilikwisha andikwa vitabuni kabla halijafika vinywani mwetu.

Lafaa tuchimbe kidogo zaidi, kwa maana hapa pana jambo liwahusulo wahubiri. Shina la bakht katika lugha za Kiajemi cha kale lina maana ya kugawa. Bakht, basi, ni kile kilichogawiwa, fungu la mtu. Katika shina hilo hilo latoka neno bakhshish, tunzo itolewayo kwa hiari, ambalo kwetu hutamkwa bakshishi. Tena katika Kiajemi cha kale neno baga, lililotumika kumtaja mungu, lahesabiwa kuwa la ukoo huo huo, kana kwamba mungu ni yule agawaye. Hata neno nasibu, tunaloliunganisha na bahati tunapotaja mchezo wa kamari, kwa Kiarabu maana yake ya asili ni fungu.

Wako wahubiri walichukiao neno bahati, wakilidhani lamtoa Mungu katika mambo ya wanadamu na kuyaacha mambo yaende ovyo. Hapana shaka watu wengi hulitumia kwa maana hiyo siku hizi. Lakini mzizi wake hausemi hivyo. Fungu lililogawiwa lahitaji mgawaji, na msomaji wa Zaburi ya 16 amekwisha kulikuta wazo hilo, maana mwenye zaburi humwita Mungu mwenyewe fungu lake. Mama amwitaye mwanawe Bahati baada ya kungoja miaka mingi hamaanishi kwamba mtoto amekuja ovyo. Amaanisha kwamba amegawiwa. Ndiyo sababu jina hilo hukaa vizuri kando ya Riziki, Zawadi, Neema na Baraka, nalo hupewa wavulana kwa wasichana, katika Tanzania na Kenya kama katika Kongo ya mashariki.

II. Majina mema kwa watu walionunuliwa

Hata hapa neno halina kosa. Yatupasa sasa kutazama desturi iliyolitia doa.

Katika nchi nyingi za Waarabu, na katika pwani yetu pia, mtu aliyenunuliwa alipewa jina jipya, na mara nyingi jina hilo lilikuwa zuri kupita kiasi. Ama lilikuwa la fali njema, kama Bakhit, Mabruki, Faraji na Baraka; ama lilikuwa la kitu cha thamani au cha harufu nzuri, kama Almasi, Feruzi, Marjani na Zafarani. Desturi hii ni ya kale. Mtu aliyetawala Misri katika karne ya 10, akafa mwaka 968, aliingia nchi hiyo akiwa mtumwa mweusi, na historia yamjua kwa jina Kafuri.

Sababu za desturi hii si ngumu kuziona. Bwana alipoita "Bakhita!" uani mwake mara ishirini kwa siku, aliiita bahati ije nyumbani mwake mwenyewe. Jina lilikuwa dua ya mnunuzi kwa ajili ya mnunuzi. Majina ya vito na manukato yalisema wazi zaidi ya kwamba mwenye jina alihesabiwa pamoja na mali. Tena jina jipya lilikata ukoo. Mtu huru wa pwani alifuatwa na bin au binti, kisha jina la baba, kisha la babu. Mtumwa aliitwa kwa jina moja tu, nalo liliishia hapo, kama kamba iliyokatwa.

Mfano mzuri waonekana katika safari za Wazungu waliokwenda kutafuta chanzo cha mto Nile. Burton na Speke walipoondoka pwani mwaka 1857, walifuatana na Mubarak, Myao aliyetekwa utotoni akapelekwa India, ambaye dunia yamjua zaidi kwa jina Bombay, yaani jina la mji. Pamoja naye alikuwapo Mabruki. Katika safari ya pili ya Speke, iliyoanza mwaka 1860, alikuwapo tena Baraka. Mubarak, Mabruki, Baraka: majina matatu, shina moja la Kiarabu, maana moja ya kubarikiwa. Msomaji wa vitabu vya safari hizo hukutana na watu waliobarikiwa kila ukurasa, naye asipojua desturi tuliyoieleza hatatambua kwamba nyuma ya baraka hizo kulikuwa na vijiji vilivyochomwa moto.

Walakini tuwe waangalifu, tusipite kiasi. Si kila Bakhit alikuwa mtumwa. Muhammad Bakhit al-Mutii alikuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1914 hata 1920, nacho ni cheo kikubwa kabisa cha wanachuoni wa Kiislamu katika nchi ile. Katika Dhofar, kusini mwa Oman, watu wa makabila huru huitwa Bakhit bila aibu yoyote. Jina peke yake, basi, halishuhudii utumwa. Kinachopambanua ni kinywa kilicholitoa, na ni bahati ya nani iliyotakwa. Baba wa Mufti alipomwita mwanawe Bakhit, alimtakia mwana heri. Mwizi alipomwita mtoto aliyemwiba Bakhita, alijitakia heri yeye mwenyewe.

III. Mtoto wa Darfur

Mwenye jina letu alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, katika nchi ya Darfur, magharibi mwa Sudan, miongoni mwa watu wa kabila la Daju. Ndugu zake walikuwa wengi, na jamaa yake walikuwa watu wa heshima kijijini. Dada yake mkubwa alitekwa kwanza. Yapata mwaka 1877, yeye mwenyewe alipokuwa na umri wa miaka saba, minane au tisa, watu wawili walimkamata alipokuwa shambani mbali kidogo na nyumba, wakamchukua.

Simulizi lake lasema kwamba walipomwuliza jina hakuweza kujibu kwa hofu, nao wakamwita Bakhita. Hofu ile na taabu zilizofuata zililifuta kabisa jina alilopewa na wazazi wake. Hakulikumbuka tena mpaka kufa kwake, wala hakuna mtu mwingine aliyelipata. Kwa mtu asomaye habari za majina, hili ndilo jambo la kuhuzunisha kuliko yote. Watumwa wengi walipewa majina mapya, lakini walilificha jina la nyumbani moyoni, wakawanong'onezea watoto wao. Mtoto huyu hakubakiwa na lolote la kunong'ona.

Alipelekwa kwa miguu mpaka El Obeid, mwendo wa mamia ya kilometa, na njiani aliuzwa na kununuliwa zaidi ya mara moja. Mabwana wake walifuatana. Katika nyumba ya jemadari mmoja wa Kituruki alichanjwa kwa wembe michoro zaidi ya 100 mwilini, nayo ikatiwa chumvi ili alama zisifutike. Walimwita Mwenye Bahati siku hiyo kama siku nyingine.

Mwaka 1883, mjini Khartoum, alinunuliwa na Callisto Legnani, balozi mdogo wa Italia, ambaye katika nyumba yake hakupigwa. Vita vya Mahdi vilipomlazimisha balozi kuondoka nchini, msichana aliomba achukuliwe, na mwaka 1885 akafika Italia. Huko alikabidhiwa kwa jamaa ya Michieli, waliokaa Zianigo karibu na Venezia, akawa mlezi wa mtoto wao mdogo aliyeitwa Mimmina.

IV. Jina katika daftari la Venezia

Mwaka 1888 bibi wa nyumba ile alitaka kumfuata mumewe aliyekuwa Suakin, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, kwa ajili ya biashara. Kwa muda huo aliwaacha Mimmina na mlezi wake kwa Masista Wakanosa wa Venezia, katika nyumba ya wakatekumeni. Bibi aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa kuondoka. Alikuwa amekwisha kuanza mafundisho ya dini, naye hakutaka kuyaacha. Shauri likafikishwa mbele ya wakuu wa serikali na wa Kanisa, na tarehe 29 Novemba 1889 likaamuliwa kwamba kwa kuwa sheria ya Italia haikukiri utumwa, msichana huyu alikuwa mtu huru, mwenye kujiamulia mambo yake.

Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa. Hapa twamwomba msomaji atulie kidogo, kwa kuwa hapa ndipo ilipo kazi ya daftari. Kati ya majina aliyopewa siku ile yalikuwamo Giuseppina, Margherita na Fortunata. Jina la kwanza ni Yosefina, la pili ni Margareta. La tatu si geni kama lionekanavyo. Fortunata kwa Kilatini na kwa Kiitaliano ni mwanamke mwenye bahati, yaani ni Bakhita lenyewe, limefasiriwa neno kwa neno.

Basi walioliandika daftari waliuliza maana ya jina lake la Kiarabu, nao hawakulitupa. Walilivusha. Neno lile lile lililokuwa limesemwa na mwizi kwa faida yake lilisemwa safari hii na mtu mwingine, kwa faida ya mwenye jina. Zaidi ya hayo, jina la Kiarabu lenyewe halikufutwa. Alipoweka nadhiri zake tarehe 8 Desemba 1896 kuwa sista wa Wakanosa, aliendelea kujulikana kwa jina Giuseppina Bakhita. Katika nchi ile kila mtu ana jina la ukoo litokalo kwa baba yake. Yeye hakuwa nalo, kwani baba yake alipotea pamoja na jina la utoto. Ndipo Bakhita likasimama mahali pa jina la ukoo. Jina lililokata ukoo wake liliwekwa pale pale ukoo ulipokatika.

Tangu mwaka 1902 alikaa katika mji wa Schio, akifanya kazi ya jikoni, ya kutunza vyombo vya kanisa, na ya kufungua mlango wa nyumba ya masista. Watu wa mji walimpenda, wakamwita Madre Moretta, yaani mama mweusi. Mwaka 1931 kilitolewa kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na Ida Zanolini kwa simulizi lake mwenyewe, nacho kilieneza jina Bakhita katika Italia yote. Alifariki Schio tarehe 8 Februari 1947.

V. Majina ya watumwa katika Kanisa la kale

Msomaji aweza kusema: "Hayo yalimfaa yeye, lakini kwa nini sisi tulichukue jina hilo kwa watoto wetu?" Kabla ya kujibu, yatupasa kukumbuka kwamba jambo hili si jipya katika Kanisa, kwa sababu Warumi na Wayunani nao walikuwa na desturi ile ile ya kuwapa watumwa majina mema.

Onesimo, mtumwa wa Filemoni, maana ya jina lake kwa Kiyunani ni mwenye kufaa. Ni jina la chombo, mtu angesema. Mtume Paulo alijua hivyo, na katika waraka wake kwa Filemoni alilichezea neno hilo kwa makusudi, akisema juu ya yule asiyefaa zamani ambaye sasa amekuwa wa kufaa. Hakumpa Onesimo jina lingine. Aliligeuza lile lile, akamwita ndugu mpendwa. Eutiko, kijana aliyeanguka kutoka dirishani Troa, maana ya jina lake ni mwenye bahati njema. Fortunato, atajwaye mwishoni mwa waraka wa kwanza kwa Wakorintho, ni jina la kiume la Fortunata. Majina ya namna hii walipewa watu huru na watumwa pia, kama vile Bakhit kwa Waarabu.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na habari yetu ni wa Afrika. Huko Kartago, mwaka 203, aliuawa kwa ajili ya imani mwanamke mtumwa aitwaye Felisitas, pamoja na bibi mwungwana Perpetua na wenzao. Felisitas kwa Kilatini ni heri, bahati njema. Kwa Kilatini, jina lake lilikuwa la ukoo mmoja wa maana na Bakhita na Fortunata. Kanisa la Roma lilimtaja katika sala kuu ya Misa, karne baada ya karne, naye hutajwa bado. Kutoka kwake tuna Felista wengi katika vijiji vyetu, na hakuna mzazi aonaye aibu, wala padre aulizaye kama ni jina la mtumwa. Miaka mingi imelisafisha. Tofauti ya Felista na Bakhita ni kwamba Roma ni ya zamani, na El Obeid ni ya juzi.

VI. Jinsi jina lilivyoenea

Baada ya kufa kwake sifa ya sista huyu haikupoa. Tarehe 17 Mei 1992 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri, na mwezi wa Februari 1993 Papa huyo alikwenda Khartoum, akamtaja mbele ya watu wa nchi yake. Tarehe 1 Oktoba 2000 alimtangaza kuwa Mtakatifu. Mwaka 2007 Papa Benedikto XVI alipotoa waraka wake juu ya tumaini, alianza mafundisho yake kwa kisa cha Bakhita, na kwa njia hiyo watu wengi wasiosoma vitabu vya watakatifu walikutana na jina lake. Tangu mwaka 2015 siku ya kifo chake, tarehe 8 Februari, ni siku ya kuwaombea watu wauzwao na kusafirishwa kwa hila katika dunia yetu ya leo, kwani biashara ile haijafa, ila imebadili mavazi.

Kwetu jina lilitangulia kukaa juu ya majengo kabla ya kukaa juu ya watoto. Shule, zahanati, na parokia kadhaa za Afrika ya Mashariki zimewekwa chini ya ulinzi wake, na mjini Juba kituo cha redio cha Kanisa Katoliki chaitwa Bakhita. Ndivyo majina mengi ya watakatifu yanavyoenea: kwanza kibao cha shule, kisha kadi ya sala, kisha mtoto wa mwalimu, kisha watoto wa jirani. Katika Sudan yenyewe jina halikuhitaji kuletwa na Kanisa. Lilikuwapo siku zote, kwa Waislamu na kwa wengine. Lakini kwetu karibu kila Bakhita ni Bakhita wa Schio. Wazazi hawakulichagua kwa sauti yake. Wamelichagua kwa ajili ya mtu.

VII. Maneno machache kwa wenye kuandika madaftari

Kwanza, juu ya maandishi. Jina liandikwe Bakhita, kwa kh, kama mwenyewe alivyojulikana. Bakita ni kosa. Bahita lingekuwa sawa kwa kanuni za Kiswahili tulizozieleza, lakini hakuna aliyelitumia, nalo lingemtenga msichana na mtakatifu wake.

Pili, juu ya wasichana waitwao Bahati. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917, katika kanuni ya 761, iliwataka mapadre wahakikishe kwamba mbatizwa apewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa, waongeze jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili. Sheria ya mwaka 1983, katika kanuni ya 855, yataka tu kwamba jina lisipingane na moyo wa Kikristo. Walakini wako makatekista ambao hata sasa humwambia mama kwamba Bahati "si jina la dini," na mtoto hutoka kanisani na jina ambalo bibi yake hawezi kulitamka. Habari tuliyoieleza yatosha kuondoa taabu hiyo. Bahati ni Bakhita kwa kinywa cha Mswahili. Msichana aitwaye Bahati amekwisha kuwa na mtakatifu wa jina lake, na sikukuu yake ni tarehe 8 Februari.

Tatu, juu ya mzazi anayekataa. Mtu akisema hataki jina hili kwa sababu babu yake aliitwa hivyo na bwana aliyemnunua, asilazimishwe wala asionekane kuwa mgumu wa moyo. Amelijua jina kwa upande wake wa kwanza, na upande huo ni wa kweli. Mwalimu amweleze upande wa pili, kisha amwache achague. Kuchagua jina la mwana ndiko kule kule ambako babu yake alinyimwa.

Nne, na kwa hili twafunga. Pamoja na utakatifu wote wa Yosefina Bakhita, liko jambo moja ambalo hakuna papa wala hakimu aliyeweza kumrudishia, nalo ni jina aliloitwa na mama yake katika Olgossa. Halikuandikwa popote. Kijiji chake hakikuwa na daftari, wala mwalimu, wala mtu wa kuuliza mtoto huyu aitwaje nyumbani. Sisi tunayo madaftari, na kila Januari watoto wapya husimama mbele ya meza zetu. Mtoto akiisha kutaja jina la ubatizo, aulizwe na lile la nyumbani, na mwalimu aliandike kwa usahihi, herufi kwa herufi, kama mama alitamkavyo, hata kama ni refu, na hata kama ni la lugha asiyoijua.